Mali Isiyoulizwa Ilikotoka

Kwa muda mrefu sisi tulio katika harakati za mageuzi tumezoea kusema kwa niaba ya mwananchi. Tumesema mwananchi anataka hiki, mwananchi amechoshwa na kile, na mara nyingi mwananchi mwenyewe hatukumwuliza. Ndiyo maana yatupasa kuzisoma kura za maoni kwa makini, hasa zile ambazo majibu yake hayatupendezi.

Uchunguzi mmoja wa namna hiyo ulitolewa Januari 2016 na Taasisi ya Afrika Mashariki ya Chuo Kikuu cha Aga Khan. Vijana 1,854 wa Kenya, wenye umri wa miaka 18 hadi 35, waliulizwa juu ya maisha yao, siasa na fedha. Nusu yao walisema haidhuru mtu amepata fedha kwa njia gani, mradi tu asiishie gerezani. Asilimia 47 walikiri kuwahusudu wale waliotajirika kwa njia yoyote ile, iwe halali au haramu. Asilimia 35 walikuwa tayari kutoa au kupokea hongo. Asilimia 40 walisema wangempigia kura yule tu atakayewapa kitu. Na asilimia 73 walisema wanaogopa kusimama upande wa haki wasije wakalipiziwa kisasi.

Takwimu hizo zilipotoka, mengi yalisemwa dhidi ya vijana. Katika ibada tulizohudhuria majuma yaliyofuata tuliwasikia wahubiri wakiomboleza kwamba kizazi kimepotea. Lakini vijana wale wale, walipoulizwa ni jambo gani wanalolithamini kwanza, waliitaja imani kabla ya familia, kazi na mali. Kwa hiyo hatuna njia ya kudai kwamba waliojibu ni watu wa mbali wasiolijua kanisa wala msikiti. Ni wanakwaya wetu. Ni wale wanaopanga viti Jumamosi jioni.

Wapo watakaouliza jinsi watu wasiofika elfu mbili wanavyoweza kusema kwa niaba ya mamilioni. Mpishi hahitaji kunywa mchuzi wote ili ajue kama chumvi imetosha. Kijiko kimoja kinamtosha, ila awe amekoroga chungu hadi chini. Anayewahoji watu wa mtaa mmoja pekee hakukoroga. Sheria ya mwaka 2012 ya uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi iliwataka wanaozichapisha waeleze ni nani aliyegharimia kazi, watu wangapi walihojiwa, na kwa maswali gani. Msomaji na aanzie hapo kabla ya kushangilia au kukasirika. Wanasiasa wetu huanzia kwingine: kura ikiwapendelea ni sayansi, ikiwakataa ni njama ya wapinzani.

Turudi kwenye ile nusu. Sisi mawakili tunalisoma jibu lao kwa namna yetu, kwa sababu uzito wake umekaa katika maneno ya mwisho: mradi asiishie gerezani. Hao vijana hawakusema wizi ni mwema. Walisema kwamba baina ya tajiri na lawama kuna kizuizi kimoja tu, gereza, na wakatazama huku na huku kuona ni nani anayeingia humo. Walichokiona tunakijua. Mapema katika miaka ya 1990 mabilioni ya shilingi yalitoka katika hazina ya umma kwa kisingizio cha kuuza nje dhahabu na almasi, katika kashfa ya Goldenberg. Tume ya uchunguzi ikaundwa mwaka 2003, ripoti ikatolewa mwaka 2006, na mwananchi aliyekuwa akingoja kumwona kigogo akifungwa kwa kosa hilo alichoka kungoja. Wakati huo huo, yeyote aliyewahi kuketi asubuhi moja katika mahakama ya hakimu amewaona vijana wakipelekwa rumande kwa kukosa dhamana ya shilingi elfu chache, kwa kosa la kuku au simu. Mtoto aliyekulia katika nchi hiyo akiulizwa juu ya mali, atajibu nini? Amejibu kama shahidi. Ameeleza alichokiona, na ushahidi wake unatuhukumu sisi wenye majoho kabla haujamhukumu yeye.

Ipo sababu nyingine ya kukataa kwamba Wakenya wameumbwa hivyo. Mapema mwaka 2002 tawi la Kenya la shirika la Transparency International lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba mkazi wa mjini alitoa hongo wastani wa mara 16 kwa mwezi. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo chama kilichotawala tangu uhuru kikashindwa katika uchaguzi. Punde si punde uchunguzi wa kimataifa wa Gallup ukawakuta Wakenya ndio watu wenye matumaini makubwa kuliko wote duniani. Katika majuma yale abiria wa matatu waliwakabili polisi wa barabarani waliokuwa wakidai chao, wakawalazimisha warudishe. Abiria hao ndio waliokuwa wakitoa hongo mara 16 kwa mwezi. Hawakuhubiriwa upya wala hawakusomeshwa maadili. Waliamini kwamba sheria sasa itawaunga mkono, basi. Mwaka 2004 ikafichuka kashfa ya Anglo Leasing, na mwanzoni mwa 2005 John Githongo, aliyekuwa amekabidhiwa na Rais kazi ya kupambana na ufisadi, akajiuzulu akiwa ng'ambo. Kule kwenye matatu, mkono wa polisi ukanyooshwa tena na hakuna aliyeukemea.

Juu ya kuuza kura tumekuwa wepesi wa kukaripia. Katika semina zetu za elimu ya uraia tulimwambia mama wa kijijini kwamba akipokea shilingi mia mbili ameuza miaka mitano. Hesabu hiyo ni sahihi kwa anayeamini kwamba miaka mitano ijayo italeta kitu. Yeye alikwisha kupiga hesabu yake: katika fedha zote za umma zinazotajwa redioni, hizo mia mbili ndizo pekee zilizofika mkononi mwake. Hatusemi afanye hivyo. Tunasema kwamba tulimjibu bila kumsikiliza.

Jambo lililotutia uchungu zaidi katika uchunguzi ule ni hofu. Ile asilimia 73 tunaifahamu, maana tulilelewa ndani yake. Mwaka 1988 Wakenya walipanga mlolongo nyuma ya wagombea au picha zao, chifu akitazama, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 katika mlolongo alihesabiwa amekwisha kuchaguliwa. Baraza la Makanisa lilikuwa limeupinga utaratibu huo tangu ulipotangazwa mwaka 1986. Hiyo ndiyo iliyokuwa kura ya maoni ya zama zile: maoni yako yaonekane kwa mgongo na uso wako. Hata hivyo, mwaka 1990 chama tawala kilipotuma kamati chini ya Makamu wa Rais, George Saitoti, kwenda kukusanya maoni, wananchi walisimama mbele yake na kusema waziwazi mambo ambayo wengi walidhani hayasemeki. Desemba mwaka huo mlolongo ukafutwa, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichoruhusu chama kimoja tu kikaondolewa katika Katiba. Tunalikumbusha hili kwa sababu hofu inayopimwa leo inaweza isionekane kesho. Juni 2024 vijana walijaza barabara za miji kupinga Mswada wa Fedha, tarehe 25 wakaingia hadi Bungeni, wengine wakauawa kwa risasi, na mswada haukutiwa sahihi. Nani angaliutabiri mwezi ule kwa kusoma takwimu za mwaka 2016 peke yake?

Yapo pia mambo ambayo mhojiwa hamwambii mtafiti. Watafiti wa Afrobarometer huwauliza watu, mwishoni mwa mahojiano, ni nani wanayemdhania kuwa amewatuma, na wengi hujibu kwamba ni serikali. Anayedhani anaongea na serikali huchunga ulimi, na tunaposoma majibu tukumbuke hivyo.

Sasa tuzungumze juu ya nyumba yetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika kamati ya ujenzi ya kanisa moja, ambalo hatutalitaja. Mheshimiwa mmoja alialikwa kuwa mgeni wa heshima, akaja na msafara, akaacha bahasha nene. Siku ya kuihesabu, mama mmoja wa chama cha wanawake aliuliza kwa upole, "Wazee, hatungemwuliza amezitoa wapi?" Mwenyekiti akamjibu, "Mama, mgeni haulizwi." Wote tukacheka, naye akacheka. Mezani walikuwapo mawakili wawili, nasi tulikuwa miongoni mwao, tuliojua kabisa mshahara wa mheshimiwa yule na tuliokwisha kuona kwamba hesabu haikubali. Tulitia sahihi kitabu cha mapokezi. Vijana wa kwaya walikuwa mlangoni wakisubiri kusikia ni kiasi gani, na walipoambiwa wakapiga makofi. Katika ile asilimia 47 ya waliowahusudu matajiri wa njia yoyote ile, hatuna budi kuwatafuta na hao, na kutafuta pia ni nani aliyewafundisha.

Tangu hapo makanisa yameanza kujiuliza. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa mimbari. Mwaka 2024 vijana waliokuwa barabarani waliyanyoshea vidole makanisa yanayopokea mamilioni bila swali, na Novemba mwaka huo Jimbo Kuu la Nairobi la Kanisa Katoliki likakataa mchango uliotolewa na Rais mwenyewe katika kanisa la Soweto, likaagiza urudishwe. Tulisikia waumini wakinung'unika kwamba maskini wa Soweto ndio walioadhibiwa. Manung'uniko hayo yanastahili jibu: waumini wa mtaa maskini watajenga kwa nini, ikiwa bahasha imekatazwa na sadaka haitoshi? Tusipojibu, bahasha itarudi kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo tunawapendekezea wasomaji wetu jambo dogo, hasa walio katika vikundi vya haki na amani vya makanisa. Jumapili moja, baada ya ibada, chukueni maswali matatu ya uchunguzi ule: la fedha na gereza, la kura na zawadi, na la hofu. Ongezeni la nne: je, kanisa letu liulize mchango umetoka wapi kabla ya kuupokea? Msiwaulize watu wanyooshe mikono. Wapeni vijikaratasi visivyo na majina, wavitie katika kikapu, na watu wawili wavihesabu mbele ya wote, mmoja wao akiwa kijana. Majibu yasomwe yalivyo, hata yakiwa mabaya, tena yasomwe kabla mchungaji hajasema neno. Kisha mtuandikie, mkitaja idadi ya waliojibu na namna mlivyouliza.