MIZANI ISIYOKAGULIWA



Sokoni Kariakoo hakuna mnunuzi akubaliye kupimiwa mchele kwa mizani asiyoiamini. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo hukagua mizani za wafanyabiashara. Lakini mnunuzi huyo huyo, jioni, humkabidhi akiba yake ya miaka mingi mtu aliyemwahidi faida kubwa, bila kumwuliza ni nani aliyemkagua yeye.

Hatujaisahau DECI. Watu wengi walitoa fedha zao wakiambiwa kwamba wanapanda mbegu na kwamba watavuna maradufu. Lugha ilikuwa ya madhabahuni. Kazi ilikuwa upatu. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha, na viongozi wake wakafikishwa Mahakama ya Kisutu kwa mashtaka ya kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni.

Tujifunze hapa kwamba cheti cha usajili si leseni. Cheti chathibitisha kuwa kampuni ipo; hakiiruhusu kushika fedha za watu. Dalali wa hisa na mshauri wa uwekezaji hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mabenki husimamiwa na Benki Kuu. Mwenye leseni hudaiwa hesabu, hukaguliwa, na akikosa aweza kunyang'anywa kibali. Leseni haizuii hisa kushuka bei. Lakini humpa mnyonge mahali pa kupeleka malalamiko yake. Pasipo leseni, ofisi ikifungwa usiku, hubaki na stakabadhi tu mkononi.

Wapo wasemao kwamba usimamizi ni urasimu unaomchelewesha maskini. Twajibu: tajiri akidhulumiwa ana wakili, maskini hupoteza karo ya mwanawe. Kwa hiyo usimamizi ni suala la haki kabla ya kuwa suala la uchumi.

Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, asiruhusiwe mtu yeyote kunadi biashara ya fedha katika mikutano yetu, hata awe ndugu katika imani, kabla hajaonyesha leseni yake, nasi tukaithibitisha kwa mamlaka iliyoitoa. Kumwuliza si kumvunjia heshima. Muuzaji mwaminifu haogopi mizani yake ikikaguliwa.