Kusudi Si Tokeo

Leo nataka kuteta na waalimu wenzangu, na mimi mwenyewe nikiwamo. Jambo lenyewe laonekana dogo, maana ni la maneno mawili tu ya Kiingereza, "so" na "that". Lakini nimeona kijana akihukumiwa kwa ajili yake.

Katika shule moja niliyofundisha, mwanafunzi alisahau kufunga lango, ng'ombe wakaingia bustanini wakala mboga zote. Akaamriwa kuandika barua ya kuomba radhi, tena kwa Kiingereza. Akaandika: "I left the gate open so that the cows could enter the garden." Mkuu alipoisoma alighadhibika mno, kwani maana yake ni hii: Niliacha lango wazi ili ng'ombe wapate kuingia bustanini. Mzembe alikuwa amejiandika mhalifu! Akalimishwa bustani ile wiki mbili.

Jioni nilimwita nikamwuliza kwa Kiswahili ilikuwaje. Akajibu, "Mwalimu, niliacha lango wazi hata ng'ombe wakaingia." Hakusema "ili waingie." Tofauti ya kusudi na tokeo aliijua tangu utoto wake, sisi waalimu ndio tuliomfumba macho.

Tazameni jinsi lugha yetu ilivyo wazi. Mtoto mdogo husema, "Nipe maji ninywe," na hapo ameonyesha kusudi. Husema tena, "Nilikula hata nikashiba," na hapo ameonyesha tokeo. Kitenzi chenyewe hubadilika: kusudi mara nyingi huishia na "-e", tokeo husimuliwa kama jambo lililokwisha kutendeka. Kiingereza nacho kina desturi iliyo karibu na hiyo. Baada ya "so that", maneno kama "may", "can", "could" na "would" kwa kawaida huelekea kusudi. Bali tendo lililokwisha kutukia, kama "entered", huelekea tokeo. Kijana yule angaliandika, "I left the gate open, and so the cows entered the garden," asingalishika jembe.

Sasa tutie vielezi, yaani maneno yaelezayo jinsi tendo litendekavyo, kwa kuwa hapo ndipo wengi waangukapo. Pimeni sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "He spoke softly so that nobody would hear him." Alisema kwa sauti ya chini ili mtu asimsikie, huyu ana siri. Ya pili: "He spoke so softly that nobody heard him." Alisema kwa sauti ya chini mno hata hapana aliyemsikia, huyu labda ni mgonjwa, au ana haya. Maneno ni karibu yale yale, ila "so" imehama ikasimama mbele ya kielezi, na kitenzi kimegeuka. Mtu wa siri na mtu wa haya si mmoja! Nao wanafunzi wetu huandika "very softly that", kwa kuwa tumewaambia ya kwamba "very" ni "sana", tukaishia hapo.

Wengine hudhani "too" nayo ni "sana" tu. Mmoja aliniandikia: "He ran too fast to catch the train." Alitaka kusema kwamba mtu yule alikwenda mbio sana hata akaliwahi gari la moshi. Alichosema ni kwamba mbio zake zilizidi mno, hata asiweze kuliwahi! Ilimpasa kuandika "fast enough to catch the train", yaani mbio za kutosha kuliwahi.

Najua mtakayonijibu. Mtasema, "Kiswahili kifukuzwe katika somo la Kiingereza, maana humchanganya mtoto." Wako hata waliomvika mtoto kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya kwao. Nami nauliza: je, kibao kile kilimfundisha nani mahali pa kuweka "so"? Mtoto huchanganyikiwa anapopewa kanuni asiyoona mfano wake moyoni mwake, akaikariri kama kasuku. Wengine watasema Kiswahili hakina sarufi ya kulinganishwa na Kiingereza. Hao wamechelewa sana: Edward Steere alitoa kitabu chake cha kuifafanua lugha hii mwaka 1870, na E. O. Ashton akatoa sarufi yake mwaka 1944. Wageni walijitahidi kuieleza lugha yetu. Sisi wenyewe twaionea haya?

Wala jambo hili si la somo moja. Katika Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kisha aingiapo sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Huko ataulizwa katika sayansi ni kwa kusudi gani chuma kilitiwa motoni, na ni tokeo gani lililofuata. Asipoweza kutenga mawili hayo kwa maneno, atahesabiwa mjinga wa sayansi, kumbe ameshindwa na "so that" tu.

Sisemi kwamba somo la Kiingereza lifundishwe lote kwa Kiswahili. Mtoto na asikie Kiingereza, akiseme, akiandike kila siku. Bali kabla hajaandika sentensi ya namna hii, na ajiulize kwanza kwa lugha yake: Je, ni "ili" au ni "hata"? Swali hilo halichukui hata dakika moja, wala halihitaji kitabu cha kununua.

Waalimu wenzangu, samaki mkunje angali mbichi. Tuanze na yale mtoto ayajuayo, tumvushe hata kwa yale asiyoyajua. Tukikataa, basi siku mtoto atakapohukumiwa kwa kusudi asilokuwa nalo, tusimnyoshee kidole yeye. Tushike jembe sisi, tukalime bustani ile.