Historia ya Uluguru Isomwe Kutoka Mlimani

Ukimwuliza mwanafunzi wa shule ya sekondari katika Mkoa wa Morogoro akueleze historia ya mahali alipozaliwa, aghalabu atakujibu kwa kukutajia wageni. Atakwambia ya kwamba Stanley alipita mwaka 1871. Ya kwamba mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuja kutoka Bagamoyo wakajenga misheni. Ya kwamba reli ya Wajerumani ilifika mjini mwaka 1907. Ya kwamba majeshi ya Waingereza yaliingia mwezi Agosti 1916. Na ya kwamba tulipata Uhuru mwaka 1961. Yote hayo ni kweli, na mwanafunzi huyo hatakosa alama katika mtihani. Lakini katika maelezo yake yote hatumwoni Mluguru hata mmoja akitenda jambo. Wageni wanapita, wanajenga, wanapigana, wanaondoka. Mwenyeji amesimama kando ya njia akiwatazama.

Sisi twasema ya kwamba hiyo si historia ya Uluguru. Hiyo ni historia ya njia iliyopita chini ya Uluguru. Misafara ya pembe na ya watumwa ilipita tambarare. Reli ikafuata tambarare. Mashamba ya mkonge yakaenea tambarare. Walioandika habari waliandika waliyoyaona kutoka njiani, na milima iliyo juu ya mji, inayopanda hadi mita 2,630 katika kilele cha Kimhandu, wakaitaja kama mandhari ya kupendeza. Kosa lao tunaweza kulielewa, kwa kuwa walikuwa wapita njia. Kosa letu sisi, tunaofundisha na kusoma katika nchi yetu wenyewe, halina udhuru.

Tuanze basi pale ambapo somo lilipaswa kuanza, yaani kwenye ardhi. Waluguru hawakuwa na mfalme mmoja aliyetawala milima yote. Msingi wa maisha yao ulikuwa ukoo, ambao wao huuita lukolo, na ukoo huo ulihesabiwa kwa upande wa mama. Ardhi ilikuwa mali ya lukolo. Mkuu wa lukolo aliigawa, na mtu wa ukoo mwingine aliyehitaji shamba aliweza kupewa mahali pa kulima bila kupewa umilikaji. Walikuwapo watu wenye heshima iliyovuka mipaka ya ukoo wao, kama vile Kingalu wa Kinole, aliyesifika kwa uwezo wa kuleta mvua. Lakini heshima ya mleta mvua si amri ya mfalme. Huko chini tambarare mambo yalikuwa mengine. Kisabengo alikwisha kujenga mji wenye ngome, ule ambao Stanley aliuandika kwa jina la Simbamwenni, na nguvu yake ilitokana na vita na biashara ya njia kuu. Kwa hiyo, hata kabla ya bendera ya kwanza ya kigeni, kulikuwa na namna mbili za madaraka katika sehemu hii moja: ya ngome na ya ukoo.

Wakoloni waliielewa ile ya kwanza, maana ilifanana na waliyoyazoea. Ile ya pili hawakuielewa, au hawakutaka kuielewa. Wajerumani walitawala kwa maakida na majumbe. Waingereza, hasa baada ya Sheria ya mwaka 1926 iliyoletwa na Gavana Donald Cameron, walitafuta machifu wa kutawala kwa niaba yao. Na pale ambapo hapakuwa na mtawala wa namna waliyoitaka, walimtengeneza. Wakuu wa koo, ambao ndio waliojua shamba lipi ni la nani, wakawekwa chini ya masultani waliotambuliwa na serikali. Nasi mpaka leo tunanakili orodha ya masultani hao katika madaftari ya wanafunzi na kuiita historia ya wenyeji! La hasha! Hiyo ni historia ya ofisi ya Bwana Shauri.

Hatari ya kosa hilo ilidhihirika katika miaka ya 1950, na hapa hapana budi tukae kidogo, kwa sababu ndipo ulipo moyo wa jambo letu. Mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Sababu iliyotolewa ilikuwa mmomonyoko wa udongo, na mmomonyoko ulikuwapo kweli. Dawa iliyoamriwa ilikuwa moja kwa milima yote: kila mlipa kodi achimbe matuta ya ngazi katika miteremko, asichome moto majani, afuate sheria ndogondogo zilizotungwa, na asipofanya hivyo ashitakiwe na kutozwa faini. Kazi hiyo ilikuwa ngumu na haikuwa na ujira.

Wahenga wamesema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu alitazama mteremko. Mkulima aliujua udongo. Katika sehemu nyingi za Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu. Ukikata ngazi pana unafukia rutuba na kuufunua udongo maskini wa chini, na mahindi yanadumaa. Si kwamba wakulima hao hawakujua kuilinda ardhi. Kule Mgeta walikuwa na ngazi zao ndogo, ambazo mkulima huzitengeneza kwa kupanga magugu kwa mistari inayoukata mteremko na kuyafunika kwa udongo, hata yakioza yakawa mbolea. Ngazi hizo hazihitaji askari wa kuzisimamia.

Tena lilikuwapo jambo la pili, ambalo halikuandikwa katika ramani ya mtaalamu. Matuta ni kazi ya kudumu. Mtu akichimba matuta katika ardhi ya lukolo isiyokuwa yake, je, kesho hatadai kuwa shamba ni lake kwa jasho lake? Na mwenye ardhi, akiona hivyo, je, hatamwondoa mapema? Mpango uliokuja kuokoa udongo uligusa mizizi ya umilikaji bila kumwuliza mwenye mzizi. Masultani waliotumwa kuutekeleza hawakuwa na mamlaka juu ya mashamba ya koo. Walikuwa na mamlaka ya kutoza faini tu. Mwezi Julai 1955, huko Matombo, umati wa wakulima ulikusanyika kukataa matuta. Polisi walipiga risasi, na mtu akauawa. Baada ya hapo serikali ililegeza kamba, na ulazima wa matuta ukafa.

Sasa tazameni jinsi tukio hilo linavyosimuliwa. Wakoloni walisema ya kwamba Waluguru walikuwa wajinga wasiopenda maendeleo, waliochochewa na wanasiasa. Usemi huo tumeukataa, na vema. Lakini wengi wetu tumeweka mahali pake usemi mwingine ulio mwepesi vilevile: kwamba wananchi walikuwa wamelala, TANU ikaja ikawaamsha. TANU ilizaliwa mwezi Julai 1954, na Chifu Patrick Kunambi, mtu wa Uluguru, alikuwa miongoni mwa waasisi wake 17. Heshima hiyo haina ubishi. Hata hivyo, hasira ya matuta ilikuwa imeanza kukusanyika kabla chama hakijapata mwaka mmoja. Ukweli ni kwamba mkulima alikuwa na hoja, na chama kilikuta hoja hiyo iko tayari. Tukisema aliamshwa tu, tunamvua tena ile akili ambayo wakoloni walikana kuwa anayo. Matusi ya kwanza na sifa ya pili hukutana mahali pamoja: yote mawili humfanya mkulima kuwa mtu anayesukumwa.

Wako watakaotupinga. Watasema ya kwamba kuwafundisha watoto habari za koo na milima yao ni kufufua ukabila tuliokwisha kuuzika. Ya kwamba uchifu ulifutwa mwaka 1963 kwa sababu njema. Na kwamba taifa moja lataka historia moja. Hoja hii yatoka kwa watu wenye nia njema, kwa hiyo twaijibu kwa heshima. Ukabila haulishwi na kujua habari za kwenu. Hulishwa na kutojua habari za wenzako. Mwanafunzi wa Mgeta akisoma vizuri habari za Matombo, atatambua mara moja alichokifanya Mpare katika Mbiru ya miaka ya 1940, alipokataa kodi aliyoiona kuwa ya dhuluma. Atamwelewa Mmeru aliyenyang'anywa ardhi mwaka 1951 na kupeleka madai yake hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Na atamwelewa Msambaa aliyelazimishwa kulima matuta kama yeye. Historia moja ya taifa ni mikondo hiyo inayokutana, kama vile vijito vya Uluguru vinavyokutana na kuwa mto Ruvu. Ukiziba vijito kwa ajili ya kuutukuza mto, utabaki na mchanga.

Wala mkoa huu haukuishia katika habari zake wenyewe. Mwaka 1969 chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mkubwa mjini Morogoro. Toka mwaka 1978 hadi 1992 vijana wakimbizi wa nchi hiyo walisoma Mazimbu, katika Chuo cha Solomon Mahlangu, na majengo hayo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mwanafunzi anayejua kwa nini mkulima wa Matombo alikataa kuamriwa katika ardhi yake hahitaji maelezo marefu kuhusu kwa nini watu wa Soweto walikataa kuamriwa katika yao.

Yawezekana msomaji atauliza: haya yamepita, yana faida gani leo? Yana faida kubwa, nasi ndiyo sababu tunaandika kwa ukali. Maji ya Ruvu, yanayotoka katika milima hii, ndiyo yanayotegemewa na jiji la Dar es Salaam. Misitu ya vileleni ilitangazwa mwaka 2008 kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Kuilinda misitu hiyo ni wajibu wetu sote, wala hatumtetei anayeikata. Lakini kila kiangazi, maji yapunguapo mabombani, twasikia lawama zilezile zikitamkwa kwa sauti mpya: watu wa mlimani hawajui kutunza ardhi, waelimishwe, waamriwe, wahamishwe. Bwana shamba kijana anayepanda mlima akiwa na maneno hayo mdomoni hajui ya kuwa kuna aliyemtangulia mwaka 1950 akiwa na maneno hayohayo. Hajui kwa sababu hatukumfundisha.

Kwa hiyo basi, walimu wenzetu, hasa wakati huu ambapo Historia ya Tanzania na Maadili imefanywa kuwa somo katika mitaala mipya, tusingoje kitabu kiletwe kutoka Dar es Salaam. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 siku ya Matombo sasa ana umri wa miaka kama 90. Wanafunzi na watumwe kwa wazee hao, wanaume na wanawake. Na hasa wanawake, maana ukoo ni wao na jembe lilikuwa mkononi mwao. Waulize shamba hili lilikuwa la lukolo gani, nani alichimba matuta, nani alitozwa faini, udongo ulizaa nini mwaka uliofuata. Maneno ya mzee nayo yapimwe kwa maneno ya mzee mwingine, na kwa majalada ya wilaya yaliyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa. Kwani heshima kwa wazee haimzuii mwanafunzi kuuliza mara ya pili. Na nyinyi wanafunzi, msiridhike na mwalimu anayewasomesha majina ya magavana kwa ghibu.

Historia ikisomwa kutoka njiani, humfundisha mtoto kuwapisha wapitao. Ikisomwa kutoka mlimani, humfundisha kuuliza amri imetoka wapi, imemwuliza nani, na udongo utasema nini baada yake. Taifa linalojitawala lahitaji watu wa namna hiyo ya pili, na shule ndiyo mahali pa kuwapata.