Ndege Ndogo kwa Likizo ya Baba: Chagueni Inayosamehe



Wasomaji wetu watukufu, wiki hii safu yetu yaondoka kidogo jikoni na skuli, yaelekea angani. Mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuletea swali ambalo mwanzoni tulidhani ni dogo, kisha tukaona kuwa lagusa nyumba nzima. Bwana wake afanya kazi Ghuba, na hurudi nyumbani kwa mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili. Safari hii amemwahidi mwanawe wa miaka 14 kuwa atamletea ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti, wairushe pamoja asubuhi za likizo. Wote wawili hawajapata kurusha ndege kama hiyo hata siku moja. Picha aliyoituma ni ya ndege ya kivita: nyembamba, ya rangi ya kijivu, mabawa mafupi. Mama auliza mambo mawili. Je, hii si israfu? Na kama si israfu, je, ndiyo hii ya kununuliwa?

Tuanze na la kwanza. Mchezo wa halali una nafasi yake katika malezi, maadamu haumpotezei mtu Sala, hauna kamari, haumdhuru jirani wala hauli riziki ya nyumba. Baba aliyekaa mbali na mwanawe kwa muda mrefu hivyo atafuta jambo la kufanya naye bega kwa bega, na vijana wengi hufunguka na kuzungumza pale mikono yao inapokuwa na kazi. Hilo si upuuzi. Israfu twaiona kwengine: kununua kwa macho kitu kitakachovunjika asubuhi ya kwanza, na siku zote zilizobaki za likizo zikawa za lawama. Kwa hivyo jibu la swali la kwanza limo ndani ya swali la pili.

Sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Miaka iliyopita tulimnunulia mpwa wetu ndege ya namna hiyo hiyo, kwa kuwa muuzaji aliisifu nasi tuliipenda sura yake. Haikutimiza dakika moja hewani. Ilipinda kushoto, ikalala ubavu, na kabla kijana hajajua aivute upande gani, ikawa imekwisha kujipigiza chini. Kijana hakulia. Aliokota vipande akavitia kikapuni, na tangu siku ile hakututajia ndege tena. Hayo ndiyo tusiyopenda yawafike baba na mwana hawa.

Kwa nini ilianguka? Kila ndege ina kasi fulani ambayo ikipungua zaidi ya hapo, mabawa hayabebi tena. Bawa moja huinama na ndege huporomoka. Kasi hiyo hutegemea sana uzito wa ndege na ukubwa wa mabawa yake. Anayetembea juu ya mchanga laini kwa ndala pana hazami, lakini aliyevaa kiatu cha kisigino chembamba huzama, ingawa uzito wao ni mmoja. Ndivyo ilivyo kwa hewa. Tuchukue ndege ya mafunzo yenye mabawa ya urefu wa mita 1.5, kutoka ncha hadi ncha, na upana wa sentimita 22. Eneo lake ni desimita mraba 33. Ikiwa uzito wake ni kilo 1.4, kila desimita mraba yabeba gramu 42 hivi. Ndege ya kivita ya uzito uo huo, yenye mabawa ya nusu ya eneo hilo, yabebesha kila desimita mraba gramu 84 au zaidi, na kasi yake ya chini kabisa ya kuruka huzidi kwa karibu asilimia 40. Kwa rubani mzoefu, hiyo ni raha. Kwa anayeanza, ni kunyimwa nafasi ya kufikiri.

Basi ndege ifaayo kwa kuruka kwa utulivu ni ipi? Kwanza, mabawa yake yawe juu ya kiwiliwili, nayo yapande kidogo kuelekea nchani. Ndege ya umbo hilo ikilala upande mmoja, hupenda kujirudisha sawa yenyewe ukiiachia usukani. Yenye mabawa chini ya kiwiliwili hukaa kama ulivyoilaza, na humtaka mwenye kuiongoza ajue la kufanya papo hapo.

Pili, iwe na ukubwa wa wastani. Mabawa ya mita 1.1 hadi 1.5 yaonekana vizuri kwa mbali, wala hayatikiswi na kila upepo. Ndogo sana, ile inayoweza kukaa kiganjani, hufaa ukumbini tu.

Tatu, iwe ya povu gumu, mfano wa lile la masanduku ya kuwekea samaki na barafu, lakini lenye kunyumbulika zaidi. Ikivunjika pua au bawa, hugandishwa kwa gundi ifaayo na asubuhi ya pili ikaruka. Ndege za mbao nyepesi za balsa ni nzuri mno, lakini kuzitengeneza kwataka ujuzi na subira, na likizo ya mwezi mmoja haingoji. Iendeshwe kwa mota ya umeme, si kwa injini ya mafuta, ambayo yataka kurekebishwa mara kwa mara na kelele zake huwaamsha majirani.

Nne, iwe na kifaa cha kuisawazisha, kiitwacho jairoskopu. Kifaa hiki huhisi mtikisiko na kuurekebisha kabla jicho halijauona, na katika ndege nyingi za mafunzo mna kitufe ambacho kikibonyezwa, ndege hujinyoosha. Mfano ni Apprentice na AeroScout za HobbyZone. Ya kwanza ina mabawa ya mita 1.5, na ya pili ya mita 1.1, nayo rafadha yake iko nyuma ya bawa, ili pua ikigonga ardhi rafadha isivunjike. Hatutangazi biashara ya mtu. Twataja ili baba ajue aulizie umbo gani dukani. Zipo za watengenezaji wengine zenye sifa hizo hizo.

Tano, na hili twalisema kwa mkazo: isiwe na kamera. Nyumba zetu zina nyua, na ndani ya nyua hizo wake na mabinti hukaa bila ya buibui, wakianika nguo na kusukana nywele. Sitara ya jirani ni haki yake. Ndege yenye kamera, hata kama mwenye kuirusha hana nia mbaya, huwatia watu wasiwasi na kuvunja ujirani wa miaka. Ndege isiyo na jicho haimfichui mtu, na mwenye kuirusha hutazama anga badala ya kutazama kioo.

Kuna simulizi ya zamani yenye kufaa hapa. Abbas ibn Firnas, mwanachuoni wa Qurtuba, Andalusia, katika karne ya 9 Miladi, asimuliwa na mwanahistoria al-Maqqari kuwa alijivika manyoya na mabawa, akaruka masafa ya kutosha, kisha akaumia mgongo alipotua. Sababu iliyotajwa ni kuwa hakujitengenezea mkia, na ndege hutumia mkia wake anapotua. Tangu hapo hadi leo, kuruka ni nusu ya kazi. Kutua ndiko kunakovunja ndege. Anayechagua ndege na ajiulize kwanza itatua vipi. Ile yenye mkia mpana na mabawa makubwa hushuka polepole, na magurudumu makubwa hupita juu ya nyasi za uwanja wa mpira bila ya kupinduka.

Kabla baba hajafika, kijana na aanze kujifunza. Zipo programu za kompyuta zinazoiga urukaji, na rimoti nyingi zaweza kuunganishwa nazo. Jambo linalowachanganya wote ni hili: ndege inapokuelekea, kushoto kwake huwa ni kulia kwako. Mkono hauzoei kwa kuambiwa. Huzoea kwa kurudia, na kuanguka ndani ya kompyuta hakugharimu kitu. Dada yake naye akipenda, asizuiwe. Wala asione haya kijana akawa ndiye mwalimu na baba akawa mwanafunzi. Huenda hiyo ikawa ndiyo zawadi kubwa zaidi kwa wote wawili.

Sasa tuwageukie akina mama, maana betri italala nyumbani. Betri za ndege hizi ni za lithiamu, nazo zina nguvu nyingi katika umbo dogo. Hazichajiwi usiku watu wakiwa wamelala, wala juu ya godoro au zulia. Zichajiwe kwa chaja yake maalumu, juu ya sakafu ya vigae au ndani ya chungu kikavu, na mtu mzima awe karibu. Kila seli ikijaa hufika volti 4.2, betri ikikaa siku nyingi bila ya kutumiwa, huwekwa kwenye volti 3.8 hivi kwa kila seli. Isiachwe ndani ya gari juani. Ikivimba kama andazi, haitumiki tena na haitobolewi. Itolewe nje ya nyumba.

Ama mahali pa kurushia, patafutwe uwanja mpana ulio mbali na nyumba, nyaya za umeme na barabara, kwa ruhusa ya wenyewe. Ufuo wenye watu wanaoogelea haufai, na mchanga na chumvi hula mota. Wakazi wa karibu na viwanja vya ndege vya Mombasa, Ukunda, Malindi na Manda wasithubutu kabisa kurusha maeneo hayo. Wakati mzuri ni baada ya Sala ya Alfajiri, jua linapochomoza, kabla upepo wa bahari haujaamka. Wazee wetu mabaharia walijua kuwa kusi la katikati ya mwaka halichezewi, na kuwa tanga mbili ndio msimu wa upole. Ndege ndogo nayo ni chombo, na hufuata hesabu hiyo hiyo. Upepo ukizidi kilomita 15 kwa saa, wanaojifunza wapumzike. Huondoka na kutua ikiukabili upepo, na mazoezi yafanywe juu, kimo cha minazi miwili au mitatu, ili pawe na nafasi ya kurekebisha kosa. Saa ya kuhesabia iwekwe dakika nane, ndege ishuke ingali na nguvu.

Limebaki la sheria na safari, nalo lisipuuzwe. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 kuhusu vyombo vya angani visivyo na rubani, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na kanuni hizo zagusa kuviingiza nchini, kuvisajili na kuvirusha. Baba asinunue kwanza akauliza baadaye, ndege ikazuiwa uwanjani mbele ya macho ya mwanawe. Aiandikie Mamlaka mapema, aitaje aina ya ndege, uzito wake na mahali itakaporushwa, na ajibiwe kwa maandishi. Betri za akiba hazitiwi katika mizigo ya chini ya ndege. Hubebwa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Betri ya volti 11.1 na ampea-saa 3.2 ina wati-saa 35.5, nayo iko chini ya kiwango cha 100 ambacho mashirika ya ndege hukikubali kwa kawaida. Sanduku la ndege ni refu, basi na alipime kabla hajafika uwanjani.

Dada yetu, sasa twarudi kwako. Bwana wako hakuichagua ndege ya kivita kwa ujinga. Ameichagua kwa kuwa ataka mwanawe afurahi pindi sanduku likifunguliwa, na mtu aliye mbali huogopa kurudi na zawadi ndogo. Usimkatalie kwa kumdharau. Mwambie kwa maneno mazuri kuwa ile ya kijivu yaweza kuja safari ijayo, wakati mikono yao wote imeshazoea, na kuwa safari hii ataka kuiona ndege ikiruka siku ya kwanza na siku ya mwisho ya likizo. Mpe sifa hizi tano aende nazo dukani: mabawa juu, ukubwa wa wastani, povu gumu, jairoskopu, na bila ya kamera. Haraka haraka haina baraka, na ndege iendayo polepole huwapa wanaoirusha muda wa kuzungumza.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amrudishe salama, na awajaalie asubuhi njema uwanjani. Siku ya kuondoka kwake, ndege na ibaki ukutani nyumbani, ikiwa na viraka vya gundi ambavyo baba na mwana wamevitia kwa mikono yao.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.