Ajali Haimalizwi Kienyeji

Kuna kauli moja inayopaswa kukoma viwandani na kwenye majengo yanayojengwa: "Hili tutalimaliza wenyewe." Kijana wa karakana ya mbao amekatwa vidole viwili na msumeno wa umeme. Msimamizi anamfunga kitambaa, anamkodia bodaboda hadi zahanati, anamtia noti chache mfukoni na kumwambia akapumzike kwao mpaka apone. Kijana anashukuru, na shukrani hiyo ndiyo inayomponza.

Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Chini ya sheria ya kikoloni iliyotangulia, fidia ya kifo ilikwama kwenye shilingi 83,000, fedha ambayo miaka ya mwisho haikutosha hata gharama za msiba. Sasa matibabu ya aliyeumia kazini hulipiwa na Mfuko. Anayeshindwa kufanya kazi kwa muda hupata asilimia 70 ya mshahara wake, hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Na akifariki, mjane na watoto nao wana fungu lao. Wala si lazima kuthibitisha kwamba tajiri alizembea. Ajali ikitokana na kazi, imetosha.

Vibarua ndio wanaodanganywa zaidi. Huambiwa, "Wewe huna mkataba." Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, na sheria imemtaja kibarua waziwazi. Kwa hiyo tunza ujumbe wa malipo ulioingia kwenye simu, jua majina ya wenzako wa zamu ile, na hospitalini useme wazi kwamba umeumia kazini, iandikwe hivyo kwenye cheti. Wangapi husema wameanguka nyumbani ili kumsitiri bosi!

Nawe mwajiri, hesabu vizuri. Mchango wa sekta binafsi ulianzia asilimia 1 ya mishahara, na tangu 2022 ni asilimia 0.5, sawa na serikali. Kwa mtu wa shilingi 400,000 ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Sahani ya wali maharage. Fedha hiyo inatoka kwako, na ukiikata kwenye mshahara wake umevunja sheria. Ukipata habari ya ajali una siku 7 za kuutaarifu Mfuko. Wengi hunyamaza wakiogopa kukaguliwa, hasa kama mashine haikuwa na kinga. Lakini aliyeficha ajali amejitwisha peke yake deni ambalo angelibebewa, na siku kidonda kikioza ndugu wa majeruhi watakuja mlangoni kwake, si kwa Mfuko.

Na kama tajiri anakaidi? Usimsubiri alegee moyo. Dai linapaswa kufikishwa ndani ya miezi 12, na miezi hiyo huisha upesi kwa mtu anayeambiwa kila wiki, "Njoo Jumatatu." Chukua karatasi za hospitali, nenda mwenyewe ofisi ya WCF iliyo karibu nawe, au uongozane na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, uwaeleze siku, saa na mashine iliyokuumiza.