Inshaallah Si Kichaka cha Kujifichia

Leo nasema na sisi wenye biashara za harusi: wapaka hina, mafundi cherehani, wapika keki na wapambaji. Mikono tunayo mizuri, mashaallah, lakini saa tunaidharau, na hilo ndilo linalotuulia biashara.

Chukua hina. Umemwambia bibi harusi utafika saa nane mchana, unaingia baada ya magharibi. Hina ya majani haitaki haraka: hukaa mkononi saa nyingi, na ikishabanduliwa rangi huzidi kukolea kwa siku moja hadi mbili. Ukichelewa unabaki na njia mbili mbaya. Ama aibandue mapema itoke rangi ya chungwa, ama umpake piko nyeusi inayoshika upesi. Piko nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na wapo wanaotoka malengelenge na kubaki na makovu. Saa nne ulizochelewa wewe, analipa yeye kwa ngozi yake.

Msiniambie kazi zilibana. Mfunguo mosi huja kila mwaka baada ya Ramadhani, na harusi hufuatana. Aliyepokea arubuni za mabibi harusi watano kwa siku moja hakubanwa na muda. Alishindwa kusema hapana. Piga hesabu ya saa kabla ya kushika pesa.

Mtasema wateja nao hawajali saa. Kweli, wapo. Basi andikianeni: saa ya kuanza na muda wa kusubiriana, ukipita unakwenda kwa mteja mwengine. Na ukichelewa wewe, upunguze bei. Sheria iwe ya pande zote mbili.

Linaloniuma zaidi ni kujificha nyuma ya inshaallah. Suratul Kahf, aya ya 23 na 24, imetufundisha kuisema kwa jambo tulilokusudia kulifanya, si kwa lile tunalojua hatutaliweza. Na Mtume (S.A.W.) ametaja kuvunja ahadi miongoni mwa alama za mnafiki.

Ukisema saa nane, iwe saa nane. Huwezi? Sema mapema, atafute mwengine. Bibi harusi hamsahau aliyemliza siku yake, na waliokaa ukumbini wakimtazama mikono ndio wateja wako wa mwakani.