Mche Bila Kopo la Pili Ni Picha Tu

Vijana wenzetu wa Kakuma na Kalobeyei, na ninyi wa mashirika mnaotusoma kimyakimya,

Leo hatuandiki juu ya prosesi wala mgao. Tunaandika juu ya alovera. Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Kuna shirika lilileta miche mtaani kwetu. Gari, fulana, kamera, kila kitu. Kila nyumba ikapewa mimea miwili midogo, alovera na pilipili, ndani ya karatasi nyeusi ya kitalu yenye upana wa kikombe cha chai. Tukapigwa picha tumekumbatia miche kama watoto. Tukasaini. Gari likaenda. Miezi ikapita, akaja mtu na fomu kuhesabu iliyo hai. Ilikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Halafu kwenye mkutano tukasikia sababu imeshapatikana: ati jamii haikuupokea mradi kama wake, ati tunahitaji kuhamasishwa zaidi.

Tunakataa. Tunakataa kabisa. Mimea ile haikufa kwa kukosa mapenzi. Ilikufa kwa sababu iliachwa ndani ya kikombe.

Tunajua kwa sababu tulienda kuichana. Tulipita nyumba kwa nyumba tukikusanya ile iliyokauka, tukapasua karatasi moja moja. Ndani udongo ulikuwa karibu umeisha. Mizizi ilikuwa imejizungusha, ikajizungusha tena, mpaka ikachukua umbo la karatasi yenyewe, ngumu kama kamba ya ndoo. Mama mmoja jirani yetu alikuwa anaimwagilia asubuhi na jioni, kikombe kizima, kutoka kwenye jerikeni aliyoipangia foleni bombani. Maji yale yalikuwa yanapita pembeni na kutoka chini. Alitoa maji ya nyumba yake kila siku, na bado akaandikwa kwenye fomu kama mtu asiyejali. Hapo ndipo tulipokasirika.

Na kabla hamjaanza: tafadhali, msituandikie tena kwamba mmea kwenye kopo ni kama mkimbizi, sijui mizizi imeng'olewa, sijui udongo mgeni. Tumeyasikia kwenye hotuba za tarehe 20 Juni mpaka tumechoka. Mmea ni mmea. Mkishaugeuza kuwa mfano mnaacha kuinama na kutazama chini ya kopo, na jibu liko huko chini.

Inua, tazama. Ukiona mizizi inachungulia kwenye tundu, nafasi imeisha. Mwagilia: maji yakitoka mbio chini kabla hujamaliza kumimina, ndani hakuna tena udongo wa kuyashika. Mti wa pilipili uliomwagiliwa asubuhi na kufika saa sita umelegea, na kesho hivyohivyo, na keshokutwa hivyohivyo, huo umebanwa. Alovera ina alama yake: inaanza kulala upande kwa uzito wa majani, na vitoto vyake vinasukuma karatasi mpaka inavimba. Kama huna uhakika usikisie. Pitisha shina katikati ya vidole, geuza, gonga kitako taratibu, bonge litoke zima uone mwenyewe. Kama udongo unaporomoka na mizizi ni michache, rudisha, bado. Kama ni mizizi mitupu inayozunguka, muda umefika. Pengine umepita.

Jani moja la njano siyo dalili. Hapo sisi wenyewe tulikosea, tuseme ukweli. Mwenzetu mmoja aliona jani moja la njano akahamisha pilipili yake saa saba mchana, jua la hapa mnalijua. Kesho yake ilikuwa imekwisha. Mwingine alijiona mkarimu, akachukua alovera ndogo akaiweka kwenye jerikeni ya lita 20 iliyokatwa juu, akajaza udongo, akamwaga maji. Ikaoza kutoka chini, majani yakawa kama ugali mlaini. Hii ndiyo watu wengi hawaamini: nyumba kubwa mno inaua kama nyumba ndogo mno. Udongo mwingi unashika maji mengi, mizizi midogo haiwezi kuyanywa yote, inakaa kwenye unyevu siku nyingi mpaka inaoza. Kopo jipya lizidi la zamani kwa vidole viwili au vitatu upana. Basi.

Kopo la mafuta ya mgao linatosha sana. Toboa kitako kwa msumari, tundu nne au tano. Usituambie umeweka mawe chini. Bila tundu maji hayana pa kwenda, mawe au hakuna mawe. Kwa pilipili changanya udongo, mchanga wa mto Tarach na samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka imekuwa kama unga na haina harufu tena. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Kwa alovera mchanga uwe nusu au zaidi, samadi kidogo tu. Mwagilia mmea siku moja kabla, hamisha jioni jua likishapoa, legeza kwa vidole ile mizizi iliyojizungusha, ile nyeusi na laini kata. Shina lizame kiasi kilekile lilichokuwa limezama mwanzo, siyo zaidi. Acha kidole kimoja juu ili maji yasimwagike nje.

Baada ya hapo mimea hii miwili inaachana njia, na ndiyo maana kuigawa pamoja bila maelezo ni kosa. Pilipili inataka maji palepale, halafu kivuli kama wiki. Alovera inataka uiache kavu siku kadhaa, vidonda vya mizizi vikauke kwanza. Ukiipa maji siku hiyohiyo unaingiza ugonjwa. Na bati likipigwa na jua la Turkana linapika mizizi ndani, kwa hiyo livalishe kipande cha gunia, liweke upande wa nyumba wenye kivuli cha mchana.

Haya yote yanaelezeka kwa nusu saa. Siku ile ya gari tulisimama juani muda mrefu kuliko huo tukingoja mgeni afike, na hakuna aliyetuambia neno moja kati ya haya.

Kuna wenzetu watasema, maji ya kunywa yenyewe ni shida, nani ana nafasi ya kufuga maua? Ndugu zetu, swali ni zuri, lakini mmea unaokunywa maji yako bure ni ule uliobanwa. Ukikaa kwenye kopo linaloutosha, udongo unashika, unamwagilia mara chache zaidi. Alovera unaipa tu udongo ukishakauka mpaka ndani. Pilipili inakunywa hata maji ya kuoshea mchele, na itarudi kwenye maharage yako. Halafu, hata kama ni ua la kutazama tu, kwani iko shida gani? Nani aliandika kwamba mtu wa kambini lazima kila kitu mlangoni kwake kiwe cha kuliwa au cha kuripotiwa?

Sasa ninyi wa mashirika. Mkileta tena miche, na tunataka mlete, kila mche uje na kopo lake la pili, au na pesa ya kulipata, na mfuko wa samadi kwa kila nyumba kumi. Punguzeni fulana. Mwajirini mfanyakazi wa insentivu anayejua kugeuza mche na kuusoma mizizi, arudi mtaani baada ya wiki sita au nane, mizizi ikiwa bado haijajifunga. Msihesabu siku ya kugawa. Hesabuni siku mmea umeshahamishwa na umetoa jani jipya, na hiyo namba ndiyo mwandike kwenye ripoti. Na yule mama, mrudieni. Fomu yake irekebishwe.

Sisi hatungoji. Jumamosi saa kumi na moja jioni tuko chini ya mathenge, pale tunapokutania siku zote. Njoo na mmea wako uliobanwa, kopo na msumari. Mchanga tutakuwa tumeshabeba. Nyundo tunayo moja, mwenye nyingine aje nayo.